Je, Wajua? Oili Chafu Kati ya Dhahabu na Ziwa

Nkome ni mwalo wa wavuvi katika Wilaya ya Geita, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Upande wa machweo kipo kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977. Upande wa nchi kavu unaanza mkanda wa dhahabu unaotokea Geita na Katoro hadi Kahama. Samaki na dhahabu, vyote viwili vinategemea vyuma vinavyozunguka: karasha za kusagia mawe, kompresa, pampu, injini za boti, malori ya mgodini. Lori moja kubwa la mgodini humeza zaidi ya lita 100 za oili kwenye injini peke yake, na siku ya kuibadilisha hiyo iliyochoka lazima iende mahali. Haya yafuatayo ni kuhusu safari yake baada ya fundi kufungua nati ya chini, na kuhusu nduguye wa karakana, mafuta yanayochanganywa na maji, ambayo ndiyo tunaanza nayo.

Maji ya rangi ya maziwa

Je, wajua kwamba kisu cha kukerezea chuma kikimwagiwa maji mengi hukata kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 30 au zaidi? Mmarekani Frederick Winslow Taylor aliliona hilo miaka ya 1880 katika kiwanda cha chuma cha Midvale, Philadelphia, akalichapisha 1907. Maji matupu yalileta kutu, kwa hiyo yakatiwa soda, ndugu wa magadi tunayochemshia maharage. Waliofuata wakaongeza mafuta na dawa ya kuyashikamanisha na maji, na hapo ikapatikana kulanti ya mafundi wa kuchonga vyuma: mafuta asilimia 3 hadi 10, yaliyobaki maji, pamoja na dawa za kuzuia kutu, za kuzuia povu na za kuua vijidudu.

Shafti ya karasha ikiliwa, au ya boti ikipinda, huishia kwenye mashine kama hiyo. Karakana ndogo ina ndoo moja au mbili za kulanti chini ya mashine. Viwanda vya injini vya Ulaya na Asia vina matangi ya maelfu ya lita. Tofauti ni ujazo tu, maana kemia yake ni moja.

Kwa nini karakana hunuka Jumatatu

Mashine ikizimwa Jumamosi, mafuta yaliyovuja kwenye gia hupanda juu ya kulanti na kuizibia hewa. Chini yake hustawi bakteria wasiohitaji oksijeni, wanaotumia salfeti na kutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Jumatatu pampu ikiwashwa, harufu yote ya siku mbili inafumuka kwa mpigo mmoja, na fundi anajua kulanti yake imeoza.

Harufu ndiyo shida ndogo. Mashine inapozunguka hurusha ukungu mwembamba, na kilichomo ndani ya tangi kinaingia mapafuni. Kiwanda kimoja cha injini huko Longbridge, Birmingham, kilipata mlipuko wa pumu na uvimbe wa mapafu kati ya wafanyakazi wake mnamo 2003 na 2004, na wachunguzi wakaufuatilia hadi kwenye kulanti iliyochafuka. Dawa yake haina siri: mafuta yanayoelea yachotwe kila siku, na maji yazungushwe hata siku za mapumziko ili yapate hewa.

Mafuta yasiyoelea

Gereji nzuri huwa na shimo la kutenganishia mafuta. Maji machafu huingia upande mmoja na kutulia, mafuta hupanda juu na kuchotwa, kisha maji hutokea upande wa pili. Ni mpango mzuri kwa oili ya injini. Kwa kulanti haufai kitu. Dawa iliyotiwa kiwandani ili mafuta yasijitenge na maji huendelea na kazi yake hata shimoni, hata mtaroni, hata ziwani. Kwa hiyo kulanti hupita kwenye shimo hilo bila kukamatwa, imebeba chembe za chuma, shaba na risasi kutoka kwenye kila kipande kilichochongwa.

Cha kuvunja mshikamano huo kipo sokoni: shabu. Shabu ile ile inayotuliza maji ya tope kwenye ndoo za nyumbani ndiyo jamii ya chumvi ambazo viwanda hutumia kuyalazimisha matone ya mafuta yakusanyike na kujitenga. Lakini maji yanayobaki chini bado yana dawa za kuua vijidudu na vyuma vilivyoyeyuka, na hayafai kumwagwa bila kusafishwa tena. Nayasema haya kwa sababu najua kuna msomaji aliyeanza kupiga hesabu ya bei ya shabu.

Lita moja, ekari sita

Nchi za Bahari ya Kaskazini zina kipimo rasmi cha kukadiria mafuta yaliyomwagika kwa kutazama rangi ya maji ukiwa angani. Mng'ao hafifu wa kijivu maana yake ni mafuta yenye unene wa sehemu 4 kati ya 100,000 za milimita. Zidisha: lita 40 tu hutandaza mng'ao huo juu ya kilomita nzima ya mraba, na lita moja inatosha ekari sita. Zile rangi za upinde wa mvua tunazoziona pembeni mwa boti ni mafuta mazito zaidi, kuanzia lita 300 kwa kilomita ya mraba.

Benjamin Franklin, ambaye Wamarekani wanamkumbuka zaidi kwa umeme na tiara, alifanya jaribio kama hilo zamani. Alimimina kijiko kidogo cha mafuta kwenye bwawa la Clapham, London, akaona mawimbi yakitulia juu ya eneo la karibu nusu ekari, akaandika habari hizo 1774. Yeye alifurahia utulivu wa maji. Hakuwa akivua dagaa.

Injini inayotema

Boti nyingi za ziwani husukumwa na injini za mipigo miwili, zile ambazo oili huchanganywa na petroli kabla ya safari, mara nyingi lita 1 kwa lita 50. Injini za namna hiyo zenye kabureta hutupa robo ya mafuta yake au zaidi nje bila kuungua, tena moja kwa moja majini. Hapa hakuna aliyemwaga kitu kwa uzembe. Ndivyo injini ilivyoundwa.

Hesabu ya pumzi

Je, wajua kwamba mafuta hayahitaji kuwa sumu ili yaue samaki? Bakteria wa majini huyala mafuta, na kazi hiyo huhitaji oksijeni: kilo moja ya mafuta hutumia kilo tatu na ushee. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji yake ya vuguvugu hushika takriban gramu 7 za oksijeni kwa kila mita ya ujazo. Gawanya, utaona kwamba kilo moja ya mafuta ikiozea humo inaweza kumaliza pumzi ya zaidi ya mita za ujazo 400, yaani lita 400,000 za maji. Kulanti yenye asilimia 5 ya mafuta ina njaa ya oksijeni mara mia na zaidi kuliko maji taka ya majumbani.

Kwenye maji ya wazi upepo huirudisha hewa haraka. Kwenye ghuba tulivu zilizofunikwa na gugumaji, ambalo lilionekana ziwani kwa mara ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1980, hairudi upesi. Kamongo na kambale watapanda juu kuvuta hewa yetu. Sangara hana uwezo huo, naye ni miongoni mwa samaki wanaoshindwa mapema oksijeni ikipungua. Ndiye huyo huyo anayelipiwa fedha za kigeni.

Kisha ziwa lenyewe halijisafishi upesi. Maji yake mengi, zaidi ya robo tatu, hutoka kwa kupaa angani kwa jua. Yanayotoka kwa mto Nile pale Jinja ni machache. Risasi na masizi ya oili hayapai, yanabaki kwenye tope la chini.

Grisi inakula dhahabu

Hapa ndipo ningependa mwenye karasha asome polepole. Mabango ya kutunza mazingira yamejaa miaka nenda rudi, na sijaona hata moja linalomwambia mchimbaji kwamba oili inayodondoka kwenye mawe yake inamwibia yeye kwanza, kabla ya samaki.

Dhahabu safi hushikana na maji vizuri. Ikipakwa filamu ya mafuta, hata nyembamba kiasi gani, maji huiteleza. Punje kubwa itazama hivyo hivyo kwa uzito wake. Lakini ile ya unga, bapa, nyembamba kuliko karatasi, ambayo karasha huzalisha kwa wingi, huelea juu ya maji na kupita juu ya magunia ya mbao za kuoshea bila kugusa hata uzi. Ndiyo sababu wachimbaji katika nchi nyingi hutia sabuni ya unga kwenye maji ya kuoshea: sabuni huvua lile koti la mafuta, dhahabu ikazama. Wengi wanajua kwamba sabuni inasaidia. Wachache wanajua kwamba inapigana na grisi iliyotoka kwenye beringi zao wenyewe.

Zebaki nayo ina habari yake. Wataalamu wa zamani wa madini walisema zebaki "inaugua". Ikikutana na mafuta au grisi, huvunjika matone madogo madogo yenye ngozi ya mafuta, na matone hayo hayataki kuungana tena wala kuishika dhahabu. Yanaondoka na maji ya kuoshea, kila tone na dhahabu kidogo iliyokwisha kukamatwa. Mchimbaji anaongeza zebaki nyingine, na gharama inaongezeka, na sumu pia. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, na mjadala wote tangu hapo umekuwa juu ya vifaa mbadala na mafunzo. Kuziba seali ya karasha inayovuja kungepunguza zebaki inayopotea leo jioni, kwa bei ya seali.

Mchanga wa marudio, yaani uliokwisha kuoshwa, hauishii hapo. Wenye matangi ya sayanidi huununua na kuulowesha ili kuipata dhahabu iliyobaki, kisha huikamata kwa kaboni, yaani mkaa maalumu wenye vinyweleo visivyohesabika. Mafuta huziba vinyweleo hivyo, kaboni hushika dhahabu kidogo, na mwenye tangi anabaki kubishana na mpimaji. Tena zebaki iliyomo kwenye marudio huyeyuka ndani ya sayanidi na kuanza kusafiri na maji kwa urahisi kuliko ilivyokuwa mwanzo.

Ajabu ni kwamba tabia hiyo hiyo ya mafuta, mikononi mwa mkemia, ni mgodi wa fedha. Mwaka 1898 ndugu wawili Waingereza wa ukoo wa Elmore walipata hataza ya kutenga madini kwa kuyachanganya na mafuta mengi, wakaijaribu kwenye mgodi wa Glasdir, Wales. Miaka michache baadaye wachimbaji wa Broken Hill, Australia, walipunguza mafuta na kuongeza mapovu ya hewa: madini yaliyopakwa dawa hukataa maji, hujibandika kwenye povu na kupanda juu, mawe ya kawaida yakizama. Njia hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoa makinikia, yaani unga wa madini uliokusanywa, ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, yale yaliyozuiwa kusafirishwa Machi 2017 na kuacha makontena 277 yamepangwa bandarini Dar es Salaam huku nchi nzima ikijifunza neno jipya. Kwa hiyo kiwandani madini hupandishwa juu kwa makusudi na kukusanywa. Kwenye karasha ya pembeni hupanda bila kukusudiwa, na hakuna wa kuyakusanya.

Mji uliouawa na dawa ya vumbi

Kumwaga oili chafu barabarani ili vumbi lilale ni desturi ya dunia nzima. Je, wajua kwamba ilifuta mji? Times Beach, jimbo la Missouri, Marekani, ulikuwa na wakazi wapatao 2,000 na barabara za vumbi. Kuanzia 1972 ulimlipa mfanyabiashara wa oili chafu, Russell Bliss, azimwagie. Oili yake ilikuwa imechanganywa na mabaki ya kiwanda cha kemikali yenye dayoksini. Mwaka mmoja kabla, kwenye uwanja wa farasi aliounyunyizia katika jimbo hilo hilo, shomoro walianguka kutoka darini na makumi ya farasi wakafa. Ilichukua miaka kumpata mchawi. Mwaka 1983 serikali ikatangaza kuununua mji mzima na kuwahamisha watu. Siku hizi mahali hapo ni bustani ya mapumziko.

Oili haikuwa sumu kuu pale. Ilikuwa chombo cha kubebea. Hilo ndilo la kukumbuka unapouziwa dramu ya oili chafu isiyojulikana ilikotoka. Baadhi ya mafuta ya kukatia chuma kigumu hutiwa parafini zenye klorini, na aina yake fupi iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2017. Mafuta ya namna hiyo yakichomwa kwa moto wa wastani, kama wa tanuri la matofali, yanaweza kuzaa dayoksini. Tanuri la saruji ni jambo jingine, maana mawe yake hufikia nyuzi 1,450 na mwali wake karibu 2,000.

Tambara la mfukoni

Wafanyakazi wa mashine za kusokota pamba za Lancashire, Uingereza, walikuwa wakiinama juu ya vyuma vilivyorusha mafuta kwenye suruali zao siku nzima. Wengi wakapata saratani ya ngozi ya korodani, na mwaka 1953 kanuni zikatolewa juu ya aina ya mafuta yanayoruhusiwa. Mafuta ya madini yasiyosafishwa vya kutosha yamo leo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani la shirika la kimataifa la utafiti wa ugonjwa huo. Oili ya injini ikishatumika huongezeka kemikali za jamii hiyo hiyo. Ikipakwa kwenye ngozi ya panya wa maabara, huota uvimbe. Fundi anayeweka tambara la oili mfuko wa mbele wa suruali ajue hivyo. Na oili chafu kwenye kidonda, cha mtu au cha ng'ombe, si dawa.

Kuhusu oili chafu ya kuzuia mchwa nitalegeza kidogo. Nguzo ya zizi iliyopakwa oili chafu tunaielewa, mbao ni ghali. Nguzo ya kichanja cha kuanikia dagaa sielewi kabisa.

Chipsi za transfoma

Mwaka 2014 ilielezwa nchini Kenya kwamba wezi wanaokamua mafuta ya transfoma huwauzia wakaanga chipsi, kwa kuwa hukaa muda mrefu kikaangoni bila kuharibika. Mafundi wa kuchomelea nao huyatafuta ya kupoozea mashine zao. Mengi ni mafuta ya madini ya kawaida, ambayo bado hayaliwi. Transfoma za zamani, hata hivyo, huenda zikawa na PCB, kemikali ambayo Marekani ilipiga marufuku kuitengeneza 1979 na ambayo Mkataba wa Stockholm unataka mabaki yake yawe yameshughulikiwa salama ifikapo 2028.

Mita 60

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Anayekusanya, kusafirisha au kuhifadhi taka hatarishi lazima awe na kibali. Mkataba wa Basel, ambao Tanzania ilijiunga nao 1993, umezitenga taka hizi katika mafungu mawili: Y8 ni mafuta ya madini yaliyochakaa, Y9 ni michanganyiko ya mafuta na maji. Kulanti ni Y9. Kwenye karatasi tuko vizuri kabisa.

Oili haizeeki

Oili huchafuka tu. Maji, masizi na vyuma vikiondolewa, hurudi kuwa oili. Lita 159 za mafuta ghafi, yaani pipa zima, hutoa takriban lita 2.4 za oili ya kulainishia. Kiasi hicho hicho hupatikana kwa kusafisha upya lita 3.8 tu za oili chafu. Ndiyo maana kuna watu wanaozunguka na magari wakiinunua kwa dramu kutoka gereji.

Sharti lao la kwanza huwa moja: isichanganywe. Kikombe cha kulanti kikiingia kwenye dramu ya oili, dawa yake ya kushikamanisha huanza kuchukua maji na kuyafunga humo. Petroli ya kusafishia vipuri hushusha joto la kuwakia, na mafuta ya breki huharibu kemia yote. Karakana inayoweka madramu mawili yenye rangi tofauti, moja la oili na jingine la kulanti, huuza la kwanza na kulipia la pili kuchukuliwa. Inayoweka dramu moja haiuzi chochote, na wakati wa masika dramu hilo hujaa maji ya mvua na kufurika lenyewe kuelekea mtaroni.